Mweru: Maji, Msitu na Samaki Kwenye Kikao Kimoja

Kaya moja ya Kashikishi, mji wa wavuvi ulioshikana na Nchelenge kaskazini mwa Zambia, inaweza kujikuta chini ya sheria tatu kabla jua halijafika utosini. Baba amerudi alfajiri na mtumbwi wenye chisense, wale dagaa wadogo wa Ziwa Mweru. Mambo yake yako kwa Idara ya Uvuvi. Mama amekwenda kulima matuta ya mihogo karibu na kijito, na jembe lake limefika ukingoni mwa maji. Hapo ameingia kwenye eneo la Mamlaka ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, inayojulikana kwa kifupi kama WARMA. Kijana wao yuko porini anafukia tanuri la mkaa. Huyo ni wa Idara ya Misitu. Jioni wote watatu wanakula ugali mmoja wa muhogo, lakini mchana kila mmoja amekuwa na kanuni zake, afisa wake na kamati yake.

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu kaya hiyo. Yanahusu namna wananchi wa mwambao wa Mweru wanavyoweza kupanga matumizi ya bonde lao zima, kutoka vijito vya juu hadi ziwani, kwa mpango mmoja wanaouelewa na ambao wao wenyewe wameutia saini.

Kwanza jiografia, maana bila hiyo hakuna mpango. Ziwa Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba 5,000 na kidogo, sehemu yake moja iko Zambia na nyingine Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maji yake mengi huletwa na Mto Luapula, ambao una urefu wa kilomita zipatazo 740 na hutoka kwenye Ziwa Bangweulu na mabwawa yake. Bangweulu nalo hulishwa na Mto Chambeshi, ambao wanajiografia wengi wanauhesabu kuwa chanzo cha mbali kuliko vyote cha Mto Kongo. Upande wa mashariki, kaskazini ya mji wa Nchelenge, unaingia Mto Kalungwishi, ule wenye maporomoko ya Lumangwe, Kabwelume na Kundabwika. Maji yakishapita ziwani hutokea kaskazini, karibu na Pweto upande wa Kongo, kwa jina la Luvua, yakaenda kuungana na Lualaba.

Ziwa lenyewe si la kina kirefu. Kusini, pale Luapula inapoingia kupitia matete na mabwawa, ni mita chache tu. Kaskazini kina hufika mita 27 hivi. Kwa hiyo mvua ikiwa nzuri ziwa hupanuka na kumeza nyasi za pwani, na ikiwa haba hurudi nyuma na kuacha mchanga mtupu. Mvuvi wa Nchelenge anajua mambo haya kwa miguu yake. Mwaka wa maji mengi ni mwaka wa samaki wengi, kwa sababu nyasi zilizofunikwa na maji ndizo shule ya watoto wa samaki. Pale, ile perege ya kwetu inayopendwa sana sokoni, huchimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi. Kisha jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, akaja kuwaachia kwenye majani ya pembezoni. Mtu anayeburuta kokoro pwani anafagia viota na vifaranga kwa mkupuo mmoja. Na mtu anayelima mpaka kwenye kingo za kijito, umbali wa siku nzima kwa miguu kutoka ziwani, anaruhusu mvua ibebe udongo wake na kuumwaga juu ya mchanga uleule.

Hapa ndipo hoja inapoanza. Mkulima wa juu na mvuvi wa chini wanafanya kazi katika bonde moja bila kujuana.

Historia ya Mweru imeshatoa somo gumu kuhusu kuchelewa kupanga. Kulikuwa na samaki anaitwa mpumbu. Wakati wa mvua mpumbu alikuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, na safari hiyo ilimfanya awe rahisi kunaswa: mvuvi hakuwa na haja ya kumtafuta ziwani, alitosha kumngojea njiani. Migodi ya shaba ya Katanga ilipoanza kuajiri maelfu ya watu, walihitaji kitoweo. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka makao Kasenga, kwenye ukingo wa Kongo wa Luapula, wakanunua samaki na kuwasafirisha kwenda Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Mahitaji yalizidi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 makundi ya mpumbu yalikuwa yamekwisha kiasi kwamba uvuvi wake haukuwa tena biashara ya kutegemewa. Mpaka leo wazee wa Luapula wanamtaja mpumbu kama watu wanavyomtaja jamaa aliyehama.

Serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ilijibu kwa kanuni: leseni, vizuizi, maafisa wa kukagua. Kanuni ziliandikwa ofisini na kushushwa mwambaoni. Mwaka 1953 ghasia zilizuka katika eneo la Mweru na Luapula, na kanuni hizo za uvuvi zilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyowachoma watu. Mwanahistoria wa Zambia Mwelwa Musambachime ameyaandika matukio hayo kwa kina. Yanastahili kukumbukwa na kila afisa anayetumwa leo kwenye fukwe za Nchelenge akiwa na boti na bunduki, kwa maana yanaeleza chuki ambayo haikuanza jana. Watu waliopoteza mpumbu walijua vizuri kuwa samaki wanapungua. Walichokataa ni kuwa wa mwisho kuulizwa na wa kwanza kuadhibiwa.

Kabla ya wakoloni mambo hayakuwa holela. Katika simulizi za Luapula yupo mwanamke aitwaye Nachituti. Kaka yake Nkuba, mtawala wa Washila wa kisiwa cha Kilwa ndani ya Ziwa Mweru, alimuua mwanawe. Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji: nchi na maziwa, vyote pamoja. Mwanahistoria David Gordon alikitumia kisa hicho kuipa jina historia yake ya uvuvi na jamii za bonde hili, iliyotoka mwaka 2006. Chini ya ufalme wa Kazembe, wenye nchi wa zamani hawakunyang'anywa kila kitu. Waliendelea kuwa walinzi wa vidimbwi, mikono ya mto na vijito. Wao ndio waliofanya tambiko na kusema lini mahali fulani pafunguliwe kwa uvuvi. Udongo na maji havikugawanywa kwa wizara mbili.

Sheria za leo zimevitenganisha. Hazina nia mbaya. Kila moja, ukiisoma peke yake, ni sheria nzuri. Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2011 inaruhusu kutangazwa maeneo ya usimamizi wa uvuvi na kuundwa kamati zake, ambazo ndani yake wananchi wana viti. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji namba 21 ya mwaka huohuo iliunda WARMA na kuigawa Zambia katika mabonde sita: Zambezi, Kafue, Luangwa, Chambeshi, Luapula na Tanganyika. Inataka kila bonde liwe na mpango wake, baraza la bonde, mabaraza ya mabonde madogo na, chini kabisa, jumuiya za watumia maji. Sheria ya Misitu namba 4 ya mwaka 2015, pamoja na kanuni zake za mwaka 2018, inawapa wanakijiji haki ya kuunda kikundi, kutia saini mkataba na serikali na kuusimamia msitu wao kwa faida yao. Juu ya hayo, kuna sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 2019 yenye kamati za maendeleo za kata.

Hesabu, msikilizaji. Kamati ya uvuvi, jumuiya ya watumia maji, kikundi cha msitu, kamati ya kata. Mtu yuleyule mwenye kujua kusoma, mwenye baiskeli na sauti nzuri mkutanoni, ndiye anayechaguliwa katika zote nne. Anahudhuria semina hapa leo na kule wiki ijayo, anasaini karatasi za posho, na mwisho wa mwaka kuna mipango minne ambayo hakuna hata mmoja unaotaja mwenzake. Mpango wa uvuvi unalinda mazalia ya samaki. Haumwambii kitu mkulima anayelima juu ya kijito kinachoyalisha. Mpango wa msitu unahesabu miti; hauulizi kuni za kukaushia samaki zinatoka wapi.

Marufuku ya uvuvi ya kila mwaka ni mfano mwingine. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unafungwa katika sehemu kubwa ya maji ya Zambia ili samaki watage. Kibaiolojia tarehe hizo zina maana, maana mvua ndiyo inayowaita samaki kwenye maji mafupi. Kwa mfuko wa familia ndiyo miezi migumu: mavuno bado, Krismasi imepita, shule zinafunguliwa Januari. Wizara ya uvuvi haina fedha za kilimo, na ya kilimo haina habari na ziwa. Matokeo yake kijana anayezuiwa kuvua Desemba anaingia msituni kuchoma mkaa, na idara moja inajisifu kwamba makosa inayoyahesabu yamepungua, wakati idara nyingine inaona yake yameongezeka.

Haya hayatamalizwa kwa adhabu kali zaidi. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha utafiti mkubwa wa maziwa ya kusini mwa Afrika, Mweru na Bangweulu yakiwemo. Watafiti wake walionyesha kwamba kupanda na kushuka kwa maji kunaeleza sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwa samaki, na kwamba wavuvi wameongezeka zaidi kwa sababu watu wengi waliokosa kazi kwingine walikimbilia ziwani, kuliko kwa sababu waliopo walinunua vyombo vikubwa. Ziwa limekuwa bima ya maskini. Mgodi wa Copperbelt, ukanda wa shaba wa Zambia, ukipunguza wafanyakazi, baadhi yao huonekana Kashikishi mwaka unaofuata na nyavu begani. Mkoa wa Luapula ulikuwa na watu wasiofika milioni 1 katika sensa ya 2010. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 1.5. Mpango wa bonde usiojua hilo utawageuza watu hawa kuwa wahalifu bila kuwapa pa kwenda.

Hii haina maana kwamba kila njia ya kuvua ni halali kwa kuwa mtu ana njaa. Kutumpula, yaani kupiga maji kwa nguvu ili kuwasukuma samaki kwenye nyavu zilizotegwa, kunawavuruga samaki wakiwa kwenye mazalia. Vyandarua vya mbu vinavyoshonwa kuwa kokoro vinakamata vifaranga vya kila aina, na vinafanya hivyo katika wilaya ambayo malaria yake ni miongoni mwa kali kabisa nchini Zambia. Chandarua kikienda ziwani mtoto analala bila kinga. Wavuvi wenyewe wanalisema jambo hili kwa uchungu kuliko afisa yeyote. Lakini wanasema pia kwamba samaki si wa aina moja. Chisense hukua haraka na kuzaa haraka, na huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Pale huchelewa kukomaa. Kanuni moja ya macho ya nyavu kwa wote wawili haina mantiki, na kanuni isiyo na mantiki haitiiwi na mtu timamu.

Chisense inaleta swali la wanawake. Tangu uvuvi huo ulipopanuka miaka ya 1980, wanawake wa mwambaoni wamekuwa nguzo yake: wanaanika kwenye mchanga, wananunua, wanakopesha, wanasafirisha magunia hadi Copperbelt na Lubumbashi, na wengine wanamiliki mitumbwi na taa wanazowakabidhi wanaume wakavue. Mwenye mtaji ndiye mwenye uamuzi wa nyavu gani inunuliwe. Kamati ya uvuvi inayojazwa wanaume wanaopiga kasia, ikawaacha nje wenye fedha, inazungumza na mikono na kuisahau pochi.

Kisha kuna Mantapala. Kuanzia Agosti 2017 maelfu ya Wakongo walivuka kuja Luapula wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa kwanza kwenye kituo cha Kenani, kisha mwaka 2018 serikali ya Zambia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi wakafungua makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya ya Nchelenge, kwa utaratibu wa kuwaweka wageni na wenyeji katika huduma zilezile: shule moja, zahanati moja, mashamba jirani. Ni ukarimu wa kujivunia. Lakini kila familia iliyopewa kiwanja ilihitaji nguzo za nyumba, kuni za kila siku na maji ya kisima au kijito. Msitu ulilipa. Wakazi wa Mantapala wengi wanazungumza Kiswahili, wenyeji wanazungumza Kibemba, na sheria zote zilizotajwa hapo juu zimeandikwa kwa Kiingereza. Mkimbizi hana kura, na kwa hiyo ni rahisi kumsahau kwenye kamati. Ila shoka lake linakata mti sawa na la mwenyeji, na miche anayopanda inashika udongo sawasawa. Mpango wa bonde unaomhesabu kama mzigo utapoteza mikono ambayo ingeufanyia kazi.

Afrika Mashariki ina mifano ya kujifunza, ya kufaulu na ya kushindwa.

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika bonde la juu la Ewaso Ng'iro Kaskazini, wakulima wa juu na wafugaji wa chini waligombania maji kila kiangazi katika miaka ya 1990. Suluhisho halikutoka Nairobi. Watu wa mto mmoja walianza kukutana, wakaorodhesha kila mfereji na kila bomba lililochota maji, wakakubaliana zamu: siku hizi wa juu wamwagilie, siku hizi wafunge ili maji yashuke. Vyama hivyo vya watumiaji maji viliingizwa baadaye katika Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2002. Havijamaliza ugomvi wote, lakini vilithibitisha kwamba mgao unaopangwa na watu wanaojuana kwa majina hufuatwa kuliko tangazo lililobandikwa ukutani.

Mto Ruaha Mkuu nchini Tanzania unatoa onyo. Tangu 1993 mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ulianza kukauka wakati wa kiangazi. Lawama ikaangukia wafugaji wa Usangu, sehemu ya juu ya mto, na mwaka 2006 walihamishwa kwa nguvu pamoja na ng'ombe wao. Mto uliendelea kukauka. Mifereji ya mpunga, mashamba makubwa na madogo, na matumizi ya vyanzo vya juu havikuondoka na ng'ombe. Ukimchagua mkosaji mmoja katika bonde lenye watumiaji wengi, unapata picha nzuri ya gazeti na mto uleule mkavu. Nchelenge inapaswa kuikumbuka Usangu kila mara mtu anaposimama kusema kwamba tatizo ni wakimbizi, au ni Wakongo, au ni wachoma mkaa.

Na karibu zaidi na nyumbani kuna Bangweulu, mlango wa maji ya Mweru. Huko, tangu 2008, shirika la African Parks linashirikiana na serikali na bodi sita za jamii za usimamizi wa rasilimali. Miezi ya kufungwa kwa uvuvi inalindwa na vijana wa vijiji hivyohivyo, na machifu wanaisimamia. Watu wanaheshimu zaidi mlinzi ambaye wanamjua mama yake.

Kwa hiyo Nchelenge ifanye nini? Haihitaji sheria mpya. Sheria ya Mipango ya Miji na Mikoa ya mwaka 2015 inazitaka halmashauri ziandae mpango jumuishi wa maendeleo wa wilaya, unaofunga ardhi, maji, barabara, makazi na uchumi ndani ya waraka mmoja. Hicho ndicho kikao kimoja kinachotafutwa. Halmashauri ya Nchelenge inaweza kuamua kwamba sehemu ya maliasili ya mpango huo itaandikwa kwa kufuata mito, badala ya mipaka ya idara: kijito kwa kijito, kuanzia chanzo hadi mlangoni mwa ziwa. Kamati za maendeleo za kata ndizo ziwe mlango. Kamati ya uvuvi, jumuiya ya maji na kikundi cha msitu za eneo moja zikutane kama kamati ndogo za kata, siku moja, daftari moja.

Kitu cha kwanza cha kufanya ni ramani. Si ramani ya kuchorwa na mshauri wa Lusaka. Wazee wachore kwenye mchanga, vijana waihamishie kwenye karatasi: mazalia ya samaki aina ya pale yako wapi, kijito gani kimeanza kukauka mwezi gani, msitu gani umebaki, nani analima umbali gani kutoka kwenye kingo, mwalo gani unatupa taka ziwani. Katika mwambao ambao umeshapigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, choo na kisima pia viingie kwenye ramani hiyo, kwa kuwa maji ya samaki ndiyo maji ya kunywa.

Cha pili ni makubaliano machache yanayopimika. Sehemu fulani za matete zifungwe mwaka mzima, zichaguliwe na wavuvi na kutangazwa na chifu, awe Kanyembo, Kambwali au Nshimba wa kisiwani Kilwa, ili zipate heshima ya mila pamoja na nguvu ya sheria. Ukingo wa kila kijito ubaki na ukanda usiolimwa. Mkaa uchomwe kwa zamu katika sehemu zilizokubaliwa, na sehemu iliyokatwa iachwe ichipue bila moto wa kiangazi, maana miti ya miombo huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki ikilindwa.

Cha tatu ni fedha, jambo ambalo mipango mingi hulikwepa. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo nchini Zambia ulipanda kutoka kwacha milioni 1.6 kwa kila jimbo hadi milioni 25.7 mwaka 2022, na umeendelea kuongezwa tangu hapo. Mfuko huo una fungu la miradi ya jamii na fungu la kuwawezesha vijana na wanawake. Miezi mitatu ya kufungwa kwa ziwa iwe ndiyo miezi ya kulipia kazi za bonde: kupanda miti kwenye vyanzo, kuchimba mabwawa ya samaki, kutengeneza vichanja vya kuanikia chisense ambavyo havihitaji kuni. Kijana alipwe kwa kuponya mto katika majira yaleyale anayozuiwa kuuvuna.

Kuna sababu ya kufanya haya mapema. Mwishoni mwa Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Wilaya 84 kati ya 116 ziliathirika, huku Luapula ikiwa miongoni mwa mikoa iliyopata nafuu. Nchi yenye ukame kusini haitaacha kuyatazama maji ya kaskazini. Kwenye Kalungwishi mipango ya mitambo ya umeme imezungumzwa kwa miaka mingi. Mabwawa ya umeme yana faida yake, na Zambia inahitaji umeme. Lakini jumuiya isiyo na mpango wake hukutana na mwekezaji mikono mitupu. Yenye ramani, orodha ya watumiaji na kiwango cha maji kinachohitajika ili samaki watage, inakaa mezani ikiwa na jambo la kudai.

Halafu kuna ng'ambo. Mpaka unaopita katikati ya Luapula na Mweru uliwekwa kwa mkataba wa Uingereza na Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji tarehe 12 Mei 1894, na samaki hawakuambiwa. Mvuvi wa Nchelenge anayetii marufuku ya Desemba anapoona taa za mitumbwi zikiwaka upande wa pili, utii wake unageuka kuwa zawadi kwa jirani. Kwenye Ziwa Tanganyika, nchi nne zina mkataba tangu 2003 na mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura, na Tanzania ilifunga uvuvi wake huko kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 kama sehemu ya makubaliano ya ziwa zima. Mweru lina nchi mbili tu. Kazi yake inapaswa kuwa nyepesi zaidi.

Mazungumzo ya serikali na serikali ni ya Lusaka na Kinshasa. Lakini kati ya Kashikishi na mji wa Kilwa upande wa Kongo, kati ya Nchelenge, Kasenga na Pweto, boti zinavuka kila siku na nguo, sukari, chisense na habari. Wafanyabiashara wa chisense wa pande zote wanajuana, wanadaiana, na wanaelewana kwa Kiswahili na Kibemba. Hao ndio waitwe kwanza. Wakubaliane tarehe moja ya kufunga na kufungua, hata kabla mawaziri hawajatia saini, na wakubaliane kutonunua vifaranga vya samaki aina ya pale katika mwalo wowote, uwe wa Zambia au wa Kongo. Mnunuzi akikataa, mvuvi hana sababu ya kushona chandarua.

Daftari la kikao hicho liandikwe kwa lugha hizo mbili, lisomwe kwa sauti sokoni Kashikishi, Mantapala na ng'ambo, na majina ya waliokubali yawe wazi kwa kila mtu. Mwaka ukiisha, kamati za kata zirudi na daftari hilohilo, zihesabu vijito vilivyobaki na maji mwezi wa Oktoba, sehemu za matete zilizobaki zimefungwa, na fedha zilizofika kweli mikononi mwa vijana. Kata itakayoonyesha hesabu yake ipewe fungu linalofuata kwanza.